Florini kwa Florini

Mwalimu wa kemia hufuta ubao kwa kiganja, kisha hujipangusa surualini. Akieleza bondi, kifungo kinachoshikanisha atomu mbili, hukunja ngumi mbili na kuzivutanisha hewani.

"Hidrojeni na florini hawaachani kirahisi: mmoja anavuta elektroni, mwenzake anaachia. Lakini florini kwa florini? Wote waroho, wote wagumu, wanabanana na kusukumana. Bondi yao dhaifu!"

"Kama mwalimu na madamu wa maabara!" akaropoka mmoja nyuma.

Darasa likavunjika mbavu. Madamu ni mkewe. Wamenuniana, na leo mke anahamia kwa dada yake. Mwalimu hakufoka. Alivuka ua mpaka mlango wa maabara, aliposimama mkewe, wanafunzi wakijazana madirishani.

"Mke wangu, nilikosea mimi. Usiende."

"Sema kwa sauti. Darasa lako halijasikia."

Akageukia madirisha, akarudia.