Usiitike Mpaka Umwone

Nilipokuwa mdogo, kwetu Timbwani, mama alikuwa na sharti lake la magharibi: ukisikia jina lako linaitwa nje na humwoni anayekuita, usiitike. Nyamaza, nenda mlangoni, umtazame kwanza. Huenda si mtu, alisema. Mimi nilikuwa mwepesi wa mdomo, "abee" ilinitoka kabla sijajua, na kila iliponitoka nilifinywa mkono. Leo nautamani ule uchungu.

Mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Hakupenda kuzungumza kwa simu, kwa hiyo ameniachia ujumbe mmoja tu wa sauti: "Mwanangu, ukivuka feri nichukulie bajia, na uangalie zisiwe za jana." Basi. Nimeusikiliza mpaka najua anavuta pumzi wapi. Nililokuwa nalitaka, wallahi, ni neno jingine, jipya, lolote lile, hata la kunigombeza.

Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Shanzu. Juzijuzi tuliitwa ukumbini sote, wapishi hadi walinzi, tufunzwe kujikinga na matapeli wanaotumia akili bandia. Katika hoteli ya jirani, mwenzetu wa mapokezi alipigiwa simu na "meneja" akampa neno la siri la kompyuta ya wageni, kumbe meneja mwenyewe kalala zake nyumbani. Mkufunzi alikuwa kijana wa Nairobi, mpole, Kiswahili chake cha kukimbia. Alitueleza kwamba siku hizi sauti ya mtu yeyote yaweza kutengenezwa kutokana na maneno yake machache tu. Simu ikikutia wasiwasi, akasema, ikate, umpigie mwenyewe kwa nambari unayoijua, au uende ukamwone kwa macho yako. Nikacheka peke yangu. Ati mtu apande ndege kutoka Nairobi kuja kunifunza la mama yangu, tena bila kunifinya.

Kisha akaomba sauti ya kufanyia jaribio. Wenzangu wakasukumana na kutaniana. Mpishi akataka itumike ya mkewe, tujue anayoyavumilia. Mimi nikainuka, nikampa simu yangu. Alipojua ni sauti ya marehemu alisita, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia kaja kufundisha, hakuja kunionea huruma, basi na afundishe. Ndivyo nilivyo, nikiwa na uchungu ulimi wangu huwa mkali. Akauliza mama aseme nini. Nikamjibu aniite tu, jina langu, vile anavyoitwa mtu aliye uani.

Akaitia ile sauti kwenye kompyuta yake, akabonyeza. Mama akaniita.

Nilikuwa nimesimama mbele ya hiyo kompyuta, naiona. Nilijua kuliko yeyote mle ndani kwamba mama yuko kaburini.

"Abee, mama," nikaitika.

Hakuna aliyecheka. Kijana wa watu akainamisha kichwa, akaniuliza polepole, "Nifute, dada?"

Nilitaka kumwambia aniwekee ile sauti kwenye simu, niwe naitwa kila nikirudi nyumbani, nigombezwe kwa ajili ya bajia. Nimemkosa mama yangu, sina namna nyingine ya kulisema. Na niliogopa kwamba nikiichukua, siku moja nitasahau ipi ilikuwa yake.

"Kwanza mwambie aniite tena," nikasema.

Akaniita. Safari hii niliuma midomo, nikanyamaza, nikageuka kuutazama mlango wa ukumbi kama alivyonifunza, nimwone anayeniita. Nikamngoja. Wenzangu nao wakageuka, wasijue wanatazama nini. Pale mlangoni palikuwa na ndoo ya kupigia deki na jua la mchana.

"Futa," nikamwambia.