Nani Alipika Ugali wa Saa Sita

Miaka ile ya hamsini, mume wangu alikubali niuze mboga soko la Nakuru kwa sharti moja: king'ora cha reli kikilia saa sita, akute ugali uko tayari. "Nikikosa siku moja tu," alisema, "mambo ya soko yameisha." Sikubishana naye. Mshahara wa reli ulikuwa haufiki mwisho wa mwezi, na watoto walikuwa wanakula kama nzige.

Basi kila siku, kabla ya saa sita, nilimwachia mwenzangu nyanya zangu, nikafunga mtoto mgongoni, nikakimbia mpaka landhi, kwenye zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Wenzangu walinicheka. "Kimbia, mama, serikali yako inarudi."

Siku moja mpishi wa mzungu kutoka Milimani alikuja wakati mbaya. Alitaka kikapu kizima, lakini alichagua nyanya moja moja kama mtu anayeposa. King'ora kikalia yeye angali anabonyeza. Ningemwacha mteja wa kikapu kizima? Sikumwacha. Nilipofika nyumbani nikihema, bwana alikuwa anatoka, anafuta mdomo.

"Leo umezidisha chumvi," akasema, akaenda zake kazini.

Nikabaki mlangoni kama mjinga. Chumvi gani? Moto nilikuwa nimeufukia majivuni tangu asubuhi. Nikaingia, nikakuta sufuria imelowekwa, ukoko wa ugali bado umeng'ang'ania. Sahani ilikuwa imeoshwa, tena vibaya.

Nikaenda kwa jirani, mkono kiunoni, nikamuuliza tangu lini anampikia bwana wangu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Wangu mwenyewe amenishinda kulisha, nichukue na wako? Mimi niliona moshi na mlango umefungwa, nikajua uko ndani."

Kumbe kuna mwanamke mwingine. Nilijiambia hivyo wiki nzima, na wivu ukanikaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini ni mwanamke gani huyo, anapika halafu hayuko? Na mbona chumvi yake nalaumiwa mimi? Sikuelewa lolote. Sokoni nilimrudishia mtu mmoja chenji mara mbili.

Juma lililofuata nikachelewa makusudi. King'ora kilipolia nilikuwa nimejibanza nyuma ya nyumba, na baada ya muda nikachungulia kwenye ufa wa dirisha.

Alikuwa peke yake. Alikuwa amejifunga leso yangu juu ya nguo za kazi, amechuchumaa, anasonga ugali huku moshi unamtoa machozi. Kwetu mwanaume hashiki mwiko. Angeonekana, landhi nzima ingemcheka mpaka astaafu. Nikajua nikifungua mlango ule aibu itammaliza, na soko langu litakwenda nayo. Nikarudi kinyumenyume. Nilitaka kucheka, nikajikuta nalia, na mpaka leo sijui nilikuwa namlilia nani.

Nikangoja amalize kula, ndipo nikajitokeza mlangoni na kikapu changu.

"Ugali wako ulikuwa mzuri," akasema bila kunitazama. "Lakini nunua mwiko mrefu. Huu mfupi unanichoma..." Akakohoa. "Unakuchoma mkono, nilitaka kusema."

"Ni kweli, baba watoto," nikamjibu. "Unanichoma sana."

Jioni nikarudi na mwiko mrefu.