Toroli Imepita

Nimechoka na mawe, na ninayesema hivi nimelelewa nayo, nimesomeshwa nayo, na nimezeekea katika mji uliokalia mawe. Kazi iliyonichosha kabisa ni ya ukarabati wa boma la zamani, jengo la enzi za Wajerumani linalotazama ziwa, ambalo mpaka leo ni ofisi za serikali. Nilikuwa msimamizi wa mafundi. Tulibadilisha mabati, tukang'oa mbao zilizoliwa na mchwa, tukakwangua kuta tabaka baada ya tabaka, maana kila aliyewahi kutawala pale alikuja na rangi yake. Kila wiki walikuja watu wa mambo ya kale kutukumbusha tusichoruhusiwa kugusa, na hicho kilikuwa karibu kila kitu, kuanzia ngazi tano za mawe za mlango wa mbele.

Katika orodha ya kazi kulikuwa na mstari mmoja uliosema: mteremko kwa watu wenye ulemavu. Hilo neno ndilo lililotuponza. Mtaani kwetu mteremko ni jambo rahisi, jambo la kupewa bila jasho. Mafundi walilifurahia, wakasema leo tumepata kazi ya mteremko kweli. Hakuna aliyekumbuka, nami nikiwemo, kwamba mtu anayekwenda ofisini haanzii juu.

Mimi sikuwa na haki ya kusahau. Dada yangu hatembei tangu akiwa na miaka mitatu. Tulikulia upande wa Bujora, na kwa miaka minne nilimbeba mgongoni kwenda na kurudi shule, mimi mdogo wake, mwembamba hivi, nikihema. Alikuwa akinivuta sikio la kulia nikate kulia, la kushoto nikate kushoto, hata pale ambapo njia ilikuwa moja tu. Nilidhani ananichokoza. Tulipokuwa watu wazima akaniambia kwamba katika safari ile yote, masikio yangu ndiyo kitu pekee alichokuwa akikiendesha mwenyewe.

Sasa ni fundi cherehani huko Kiseke, ana wateja wengi na mdomo mkali zaidi ya mkasi wake. Mwaka ule wa ukarabati alipata mchumba, mgane muuza samaki wa Igoma, mtu mpole anayecheka kabla hujamaliza kusema. Dada ana miaka hamsini na ushee. Yeye Mkatoliki, bwana Msabato, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuhama, wakakubaliana ndoa yao ifungwe bomani.

Jioni moja nilipita kwake, akazima mashine na kunitazama.

"Mdogo wangu, hilo boma si unalitengeneza wewe?"

"Ndiyo, dada."

"Basi tutasubiri liishe. Ila siku hiyo sibebwi wala sisukumwi. Nimebebwa vya kutosha maisha yangu yote. Nataka niingie kuolewa kwa mikono yangu."

Nikamwahidi. Niliahidi kirahisi, huku natafuna karanga zake.

Mchoro ulikuwa sahihi. Ulitaka kila hatua moja ya kupanda ipewe hatua kumi na mbili za kwenda mbele, kwa hiyo njia yetu ilihitaji kama mita tisa. Lakini kutoka barazani hadi mlingoti wa bendera zilikuwa mita nne na kidogo. Nikauliza kama mlingoti unaweza kusogezwa. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika, nikasubiri, nikaandika nyingine. Nikauliza kama njia inaweza kukunjwa ipite kando ya ukuta. Watu wa mambo ya kale wakasema tutayaficha mawe ya mbele. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri, na kila sababu ilinirudishia mimi kazi mkononi. Nilifika mahali nikawa naamka asubuhi tayari nimechoka.

Siku moja nikamwambia fundi wetu mkuu, mzee wa Kisesa ambaye mkono wake haujawahi kujenga ukuta uliopinda, amwage zege kwa nafasi iliyopo. Likakauka. Likapendeza pia, na vyuma vya kushikilia pande zote mbili.

"Ni kali kidogo, mzee," nikasema.

Hakubishana. Aliita kibarua mwenye mabega mapana, akamjazia toroli zege, akamwonyesha njia. Yule kijana alirudi nyuma mpaka karibu na geti, kama wanavyofanya vibarua wote kwenye mbao za kupandia, akatoka mbio na toroli yake, vup, akawa juu barazani.

"Umeona, mkuu?" mzee akasema. "Kama tololi imepita na zege, mtu atashindwaje?"

Mafundi wakapiga makofi. Nami nikatikisa kichwa kwa kukubali. Ndivyo tunavyopima njia sisi watu wa ujenzi, na katika miaka yangu yote sikuwahi kujiuliza anayepanda akiwa amekaa atatoka mbio na nini. Nikasaini kwamba kazi imekamilika. Niseme ukweli: nilijua. Nilitaka tu jambo lile liniondokee.

Siku ya ndoa dada alifika asubuhi. Gauni alilishona mwenyewe, jeupe, amelikata fupi ubavuni lisinaswe na magurudumu. Bwana alikuwa anamsubiri barazani, jasho linamtoka ndani ya suti. Mafundi wangu walikuwa bado wanapaka rangi uzio, wakasimama kuangalia. Dada akaniangalia, akatabasamu, akashika magurudumu ya kiti mwendo chake, akaanza kupanda.

Mita ya kwanza alikwenda vizuri. Ya pili nikaona mishipa ya shingo. Katikati kiti kikasimama. Hakikwenda mbele, hakikurudi nyuma, na mimi niko nyuma yake.

"Dada, nikusukume kidogo?"

"Niache."

Nikamwacha. Kiti kikaanza kurudi, kidogo kidogo. Shangazi yetu akapiga kelele. Mafundi wakatupa brashi, wakaja mbio wanne, wakamnyanyua dada na kiti chake mpaka mabegani. Basi vigelegele vikalipuka. Shangazi akaanzisha wimbo wa Kisukuma, wanawake wakapokea, simu zikatolewa kupiga picha. Kila mtu aliona ni heshima, bibi harusi kuinuliwa juu namna ile, na mzee wa Kisesa alikuwa anafuta machozi kwa furaha. Dada alikuwa ameshika vyuma vya kiti, ametazama mbele, uso wake mkavu kabisa. Uso ule nilikuwa nikiuona nilipomshusha mgongoni, siku za mvua, baada ya watu wa njiani kutupongeza. Nilijisikia vibaya kiasi cha kutamani kukaa chini.

Wakamweka mbele ya meza ya msajili. Msajili alikuwa mama mchangamfu, akamuuliza bwana kama amekuja kwa hiari yake bila kulazimishwa na mtu. Bwana akasema ndiyo, akacheka. Kisha akamgeukia dada.

"Na wewe, bibi harusi? Umekuja hapa kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu?"

Dada akanyoosha gauni magotini.

"Kuolewa ni kwa hiari yangu," akasema. "Humu ndani nimeletwa."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata msajili, hata bwana harusi. Dada hakucheka. Alikuwa amegeuka, ananitazama mimi.