Mitungi ya buluu ya Seleyian

Saa moja kasorobo asubuhi, upepo wa Isinya bado una baridi. Seleyian Kuntai amepiga magoti nyuma ya stoo ya dawa za shamba, nyundo na msumari mikononi. Mbele yake iko mitungi sita mitupu ya dawa, ya buluu, ya lita tano. Ameisuuza mara tatu, na maji ya kusuuzia ameyarudisha kwenye pampu ya kunyunyizia nyanya. Sasa anaitoboa, mmoja baada ya mwingine.

"Mama Leshan, niachie huo mmoja," anasema Caro, mchumaji nyanya. "Ni wa maji ya kuoga tu."

"Leo wa kuoga, kesho wa uji." Msumari unaingia.

"Kwani huo mtungi ulikukosea nini?"

Mugo, mnyunyizaji dawa, anamkata jicho. Caro ana wiki mbili tu hapa, hajaambiwa. Anarudi kwenye nyanya zake.

Miaka saba iliyopita, Seleyian alikuwa kibarua katika shamba la maua karibu na Kitengela. Mzee wa stoo alimwona akihangaika na chupa za maziwa zinazovuja, akamwonea huruma, akampa mtungi mtupu wenye kifuniko kizuri.

"Alinipa kwa roho safi," anasema Seleyian. "Siwezi kumlaumu. Hakuna mtu alikuwa ametufundisha."

Nyumbani aliuosha kwa sabuni na majivu. Akabandua karatasi yenye picha ya fuvu, ili mtungi upendeze. Kisha akaufukiza kwa moshi wa oloirien, mti ambao Wamaasai hutumia kusafishia vibuyu vya maziwa. Mama mkwe wake ndiye aliyemfundisha kazi hiyo alipoolewa.

"Nilinusa ndani nikasikia moshi tu," anasema. "Kwetu kibuyu kikinukia hivyo, kimekuwa safi. Sikujua plastiki inakunywa dawa na kuiweka."

Maziwa yalilala humo. Asubuhi alimmiminia mama mkwe wake kwanza, kama kawaida, kwa heshima. Kabla ya saa sita mama huyo alikuwa akitokwa jasho na mate, pumzi zikimkatika. Hawakufika naye hospitalini Kajiado akiwa hai.

"Yeyo, yaani mama, aliniambia maziwa ni matamu." Seleyian anajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliniambia vizuri."

Siku ya mazishi, mumewe Meitamei alisimama kando yake na kumshika mkono mbele ya wazee, jambo ambalo wanaume wa huko hawalifanyi. Lakini Naeku, dada ya Meitamei, alisema mbele ya watu haohao kwamba mtungi hauui mtu. Alisema ni mkono wa Seleyian ulioua. Tangu siku hiyo hajamsalimia.

Alipohamia shamba hili la nyanya, Seleyian aliomba mwenyewe kazi ya stoo. Dawa za unga anaziweka rafu ya juu na za maji chini, ili chupa ikivuja isiharibu nyingine. Hakuna chakula kinachoingia humo. Ufunguo unaning'inia shingoni mwake, na ovaroli yake haiendi nyumbani.

Saa nne, chai inapofika, Mugo anakuja na jagi na kipande cha sabuni. Anammiminia maji taratibu hadi viwikoni. Hufanya hivyo kila siku, na hakuna aliyemwagiza.

"Osha tena, Mama Leshan. Hapo kwa kidole."

"Wewe ni mama yangu sasa?"

"Leo ndiyo. Osha."

Seleyian anacheka kidogo. Halafu anasimulia kinachomnyima usingizi.

Mwezi uliopita alikutana njiani na binti mdogo wa Naeku akipeleka maziwa dukani. Alikuwa ameyabeba kwenye mtungi wa buluu wa shambani.

"Nilitaka niunyakue nimwage," anasema. "Nikaogopa. Watasema nimerudi kuharibu maziwa yao tena."

Meitamei alikwenda kuzungumza na dada yake. Alirudi na jibu moja: "Kama ni mtungi, mbona wangu haujaua mtu?"

Kila juma tangu hapo, Seleyian ametenga kiasi cha mshahara wake. Amenunua sokoni Kitengela mitungi minne mipya, myeupe, ya kuwekea chakula. Jumapili baada ya kanisa ataipeleka kwa Naeku yeye mwenyewe, Meitamei akiwa kando yake, aombe ule wa buluu autoboe hapohapo uani.

Na Naeku asipompokea?

Seleyian anavuta glovu zake na kuzivaa. Mitungi mingine miwili mitupu imeletwa, bado haijatobolewa.

"Nitarudi Jumapili ingine, na ingine," anasema. "Kunichukia anaweza kuendelea, hiyo nimezoea. Lakini anichukie watoto wake wakiwa wazima."