Banyo la Mama

Baba yangu hajui kushika nyundo. Simvunjii heshima; mwenyewe hulisema mbele za watu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mtu wa wizarani, mtu wa mafaili, na nyumbani kwetu Wattaya msumari ukitaka kupigwa aliitwa mtu. Kwa hivyo aliponipigia simu kuniambia kwamba banyo atalitengeneza mwenyewe, nilicheka kwanza, kisha nikamwombea Mungu.

Banyo ndivyo tunavyoliita hapa Maskati lile bafu refu la kulala ndani. La kwetu liko ghorofani, katika choo cha mama, na lilianza kwa kuvuja. Dari la ukumbi wa chini likapiga doa la manjano, na doa likazidi kutanuka. Kaka yangu, anayekaa Qurum na hana subira, akaleta fundi. Fundi akaziba kingo kwa silikoni, akalijaza banyo maji, akangoja, halikutoa hata tone. Akaondoka na sifa zake. Haukupita muda dari likalowa tena. Akaja fundi wa pili, akafanya yale yale na akasema yale yale.

Halafu asubuhi moja mama akiwa anaoga, banyo likalia chini ya miguu yake na kubonyea. Hakuanguka, aliwahi kushika mfereji, bomba la maji la ukutani. Lakini khofu ilimwingia, na magoti yake ni mabovu tangu zamani. Akawa hana imani tena ya kusimama peke yake mahali penye maji, popote pale. Ikawa kila siku kabla ya kazi napitia kwao kumwogesha, yeye kakaa kwenye kiti cha plastiki, uso kauelekeza ukutani. Mama yangu huyu, ambaye sikupata hata kuziona nywele zake zikiwa mbichi kwa maji. Hakulalamika. Kila nikimmwagia maji alinishukuru, kama unavyomshukuru mtu baki, na shukurani ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Kaka akatoa shauri lake: banyo livunjwe, mama ahamie kwake Qurum, huko atafutiwe msichana wa kumwogesha. Mama akajibu kwamba nyumbani kwake hatoki, na mtu ambaye yeye hakumzaa hatomwogesha. Hapo ndipo baba alipoingia, akanipigia ile simu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda nikitazamia kumkuta kazungukwa na vyombo vya kazi. Nikamkuta kakaa kitandani kando ya mama, anamuuliza namna anavyooga. Wameoana umri wote ule na alikuwa hajui. Mama naye akaona haya, kisha akasema. Hajapata kulala ndani ya banyo hata siku moja. Nani atalala ndani ya taka zake? Huweka ndoo chini ya mfereji, husimama ubavuni mwa ndoo, upande wa ukutani, akajimwagia kwa kopo. Nikatanabahi kwamba sote nyumba nzima ndivyo tunavyooga. Tumenunua chombo cha kulala, tukakisimamia.

Baba akataka kuona kwa macho. Mama akakataa katakata.

"Mficha uchi hazai, bibi," baba akamwambia.

"Mimi nshazaa. Tena wanne."

Lakini alicheka, na tangu siku ya khofu ile nilikuwa sijamsikia kucheka. Akanyanyuka na gauni lake la dira mwilini, kavu kabisa, akanishika bega. Baba alikwishakibandua kibao kinachofunika ubavu wa banyo. Akavua kanzu, akalala kifudifudi sakafuni na fulana na wizari yake, ile shuka ya kiunoni ya ndani ya kanzu, tochi mkononi, mtu mzima yule aliyekuwa akipigiwa saluti mlangoni mwa wizara. Nikaijaza ndoo. Mama akapanda ndani ya banyo taratibu, akasimama pale pake, vidole vyake vimenikaza mpaka vikaniumiza.

"Usisogee," baba akasema kutoka chini. "Nnaliona."

Nami nililiona kwa juu. Ukingo ulijitenga na ukuta, ukafunguka ufa, na mama aliposhuka ufa ukajifunga. Mafundi walikuwa wakilijaza maji na maji yanagawa uzito wake kila pahala. Hakuna aliyesimama na ndoo. Chini kulikuwa na matofali mawili upande wa kichwani tu, na pale mama anapokanyaga hapana kitu, ni hewa tupu. Kila alipooga maji yaliteremkia kwenye ufa ule. Namna anavyooga mama angeweza kuisema mwanzo, lakini katika sisi sote, na simu zetu na mafundi wetu, hakuna aliyemuuliza. Baba nimempenda siku zote. Siku ile nilimstaajabia.

Kazi yenyewe aliifanya polepole, kwa ubishi. Alichanganya saruji na mchanga, akaishindilia chini ya banyo kwa mkono mpaka ikalipokea vizuri, akatukataza kuligusa mpaka ikauke. Kisha akalijaza maji pomoni, ati libebe kwanza mzigo wake, lishuke litakaposhuka, ndipo tulizibe. Silikoni yake ilikwenda upogo kama mwandiko wa mtoto wa chuo cha Kurani. Maji akayaacha mpaka silikoni ikashika.

Siku ya kujaribu, baba aliingia mwanzo. Akasimama pahala pa mama na ndoo imejaa, akakanyaga kwa nguvu, akakanyaga tena, na yeye ni mzito kuliko mama. Mama alikuwa mlangoni anatazama ukingo, sio baba. Hapakufunguka kitu. Mama akaingia, akatuambia sote tutoke, akafunga mlango na komeo.

Baba akakaa kitandani, mimi nikasimama na taulo. Tulisikia maji ya kopo, kimya, tena maji. Kisha komeo likafunguka.

Mama akatoka kajifunga kanga, kichwa kakifunika. Nikamwendea nimpanguse miguu kama nilivyozoea. Akalitoa taulo mkononi mwangu taratibu.

"Kesho kabla ya kazi usije, mwanangu, lala," akasema. "Na siku ukija, upige hodi."