Fidla ya Cyril Hadley Ndani ya Kinanda

Cyril Hadley alikuwa mpiga fidla wa hoteli moja hapa Birmingham, na ukimwuliza yeye, mwingine hakuzaliwa. Kila alasiri aliwapigia watu waliokuja kunywa chai. Watu wenyewe walitafuna keki zao bila hata kugeuza shingo, lakini Cyril alifumba macho akayumba, utadhani malaika wamemlipia. Kujiona gani huko! Fidla aliijua, sikatai, ila majivuno ndiyo aliyokuwa fundi wake hasa.

Mwaka ule wa sitini na tatu alikuwa pia katibu wa tawi la chama cha wanamuziki, na kelele zake zote zilikuwa juu ya kinanda kipya kilichoundwa mjini humu humu. Kinanda hicho hakikuwa na sauti yake chenyewe. Chini ya kila kitufe mlikuwa na utepe, na kwenye utepe mwanamuziki wa kweli amerekodiwa akipiga noti moja. Bonyeza, utepe unakimbia, fidla inalia. Baada ya sekunde nane utepe umekwisha, kimya, mpaka unyanyue kidole ubonyeze upya. Mtu mmoja angefanya kazi ya bendi nzima, na bendi nzima ikalale njaa.

"Aliyekubali kurekodiwa ni msaliti!" Cyril alinguruma kila mkutano. "Tumtafute, tumfukuze!"

Msaliti mwenyewe alikuwa yeye. Watu wa kiwanda walimwita kwa siri wakamwambia, "Tumetafuta mkono bora kuliko yote Birmingham." Basi, kwisha habari yake! Maneno hayo yalimlevya kuliko malipo. Alisimama kwenye chumba kilichotandikwa mablanketi ukutani akapiga noti moja, akanyamaza, akapiga inayofuata, kisha akatoka huko kwenda kuwahubiria wenzake juu ya usaliti. Haya hana, aibu hana.

Jumapili ya kuchagua katibu walikutana ghorofani, juu ya baa. Aliyegombea naye alikuwa Bi Dilys Pugh, mpiga piano, mama wa Kiwelshi mwenye ulimi wa pilipili.

"Tunapigana na mashine ambayo hatujaisikia," alisema Dilys. "Nimeazima moja dukani. Ipandisheni, wanaume."

Wakaipandisha wakitukana ngazi. Cyril akaingiwa na baridi. Wakiitambua fidla yake, ukatibu kwaheri, kadi ya chama kwaheri, na bila kadi hoteli isingemweka hata kwa alasiri moja. Akajikausha.

Dilys akabonyeza. Fidla ikalia chumba kizima.

"Nani huyo?" aliuliza Reg Bayliss, mpiga tarumbeta.

"Simjui," wakajibu wengine. Cyril akashusha pumzi. Amepona.

"Huyo mtu amemkanyaga paka," akasema Reg, na watu wakaangua kicheko.

"Mwache bwana, mwanafunzi huyo," akasema Dilys taratibu, akibonyeza tena. "Sikieni kidole kinavyotetemeka kwenye uzi. Kiwanda kimebana matumizi, kimemwokota stesheni."

Cyril akauma midomo.

"Lo, maskini ya Mungu! Cyril wetu angempita huyo akiwa usingizini," akasema Reg, tena kwa wema kabisa. "Si kweli, Cyril?"

Nyamaza, mwana wa watu! Itikia kwa kichwa tu, kura ni zako! Lakini wapi. Cyril aliinuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mwanafunzi mamako! Mtikisiko ule ni sanaa, majuha nyie! Noti hiyo niliirudia mpaka fundi mitambo akafuta machozi! Mna masikio, au mna mashimo tu?"

Wa mwisho kusikia alichosema Cyril alikuwa Cyril mwenyewe.

"Asante," akasema Dilys. "Nilikujua tangu noti ya kwanza. Haya, wanaotaka afukuzwe?"

Mikono ikapanda, wa Reg nao ukapanda, polepole. Cyril akatoa kadi yake akaiweka juu ya meza.

"Niambie kitu kimoja, Dilys," alisema. "Ilikuwa nzuri?"

Dilys akaichukua kadi. Angeweza kudanganya.

"Nzuri sana," akasema. "Ndiyo maana umetumaliza."

Na mpumbavu yule, amefukuzwa, hana kazi, akateremka ngazi akitabasamu.