Nilivyofupisha Maneno ya Jirani

Juzi nilipita mtaa wa Digbeth, kwenye ghala moja lililogeuzwa ukumbi wa muziki, nikaona jarida la jazi la Kifaransa ukutani, nyuma ya kioo. Weee! Nikabandika uso kwenye kioo.

Utotoni tulikaa mtaa wa Nechells, mji huo huo, ghorofa ya tatu. Jirani yetu, mzee Mkongomani aliyepuliza saksafoni ujanani, alikuwa na matoleo yake yote, toka la kwanza, yamepangwa mpaka chini ya kitanda. Nyumba yake ilinuka karatasi kuukuu na makayabu, wale samaki wa chumvi. Jumamosi mama alinituma nikamfutie vumbi, naye ananisimulia: vijana wa Paris walivyolianzisha baada ya vita katika chumba kimoja, wakiandika bila malipo, walivyonuniana kwa sababu ya jazi mpya, lilivyofika kwao Bukavu kwa posta, limechelewa miezi, likasomwa na mtaa mzima. Hata barua yake mwenyewe iliwahi kuchapishwa humo.

Siku moja akaja mama mmoja wa maktaba kuangalia kama majarida yale yanafaa kuhifadhiwa. Mzee hakujua Kiingereza, na sisi watoto ndio tuliokuwa wakalimani wa jengo zima, kwa daktari, shuleni, popote. Nikaitwa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na wenzangu walikuwa wananisubiri chini.

Mzee alivaa tai. "Ambia ule mama yote, mtoto yangu, usiache hata kitu." Akaongea karibu nusu saa. Mimi nikamgeukia mgeni, nikamwambia kwa Kiingereza changu safi: "Anapenda muziki. Ni magazeti ya zamani tu."

Mgeni akatabasamu, akafunga daftari, akaaga.

"Merci, mama," mzee akanishukuru; kwao hata mtoto wa kike huitwa mama. "Umenisemea muzuri." Akanipakulia makayabu. Nami nikala, sina hata haya!

Alingoja jibu mwaka mzima, kila posta ikiingia anauliza. Alipofariki, waliokuja kusafisha nyumba waliyatupa majarida yote kwenye kontena la taka, mvua ikiyanyeshea. Nilichungulia dirishani, kisha nikafunga pazia. Mama yangu hajui mpaka leo. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na uso unaniwaka.

Nimejaribu kuyaandika aliyoyasema siku ile. Sina zaidi ya haya uliyoyasoma, na mengi niliyaokota zile Jumamosi. Siku yenyewe, mzee anaongea, mimi nilikuwa natafuta pa kumkatiza nishuke chini kwa wenzangu.